Moyo wa Kulipa Deni

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hii watoto wetu hufunzwa mapema, wakaijua kabla ya kuijua hesabu ya riba, na mimi nathubutu kusema kwamba ni methali chache zilizotudhuru kama hii. Si kwamba ni ya uwongo. Fedha ya mkopo huingia nyumbani kwa vigelegele na kutoka kwa simanzi; hilo nani asiyelijua? Lakini maneno yaliyokuwa onyo tumeyageuza kuwa udhuru. Wahenga walisema na mtu ambaye hajakopa bado, wakamtaka atazame mbele ya safari. Sisi twasema na yule aliyekwisha kukopa, tukampa ruhusa ya kuketi mkekani na kuomboleza, kana kwamba deni ni maiti na kazi iliyobaki ni kulililia.

Mdeni wa namna hii akiulizwa kwa nini halipi, hasemi kwamba hataki. Husema hana moyo. Anangoja moyo umjie: ukimjia atafanya kazi, akifanya kazi atapata, akipata atalipa. Mpango huu umesimama kichwa chini, miguu juu, na ndio ninaotaka kubishana nao katika kurasa hizi. Moyo wa kulipa deni hautangulii kazi. Huzaliwa na kazi. Wala si kazi yoyote, bali ile ambayo mdeni huona kwa macho yake tunda lake likipunguza tarakimu ya deni. Mahali ambapo kazi na tarakimu hazionani, moyo hufa hata kwa mtu hodari, na hapo hakuna hotuba itakayoufufua.

Nasema hotuba kwa sababu siku hizi wako watu ambao biashara yao ni kuuza moyo. Hualikwa mashuleni na kumbini, wakasimama mbele ya vijana wakapaza sauti, wakawataka wafumbe macho na kujiona matajiri. Vijana hupiga makofi, wengine hulia. Sina ugomvi na machozi. Ugomvi wangu ni kwamba katika saa mbili za maneno hayo hutasikia swali moja lenye maana: unadaiwa kiasi gani, na nani, na wa kulipwa lini? Moyo uliotiwa kwa maneno ni mfano wa chai katika kikombe cha bati. Huwezi kuishika kwa moto wake, na mara imekwisha kupoa. Msemaji hupanda gari lake akaenda zake na ujira mfukoni, na mdeni hurudi kwa wadai wake akiwa na deni lile lile, pungufu ya nauli.

Inafaa tukumbuke deni lilikuwa kitu gani kwa waliotutangulia. Katika njaa kuu za mwisho wa karne ya 19, nyuma ya pwani ya Mombasa, wako Wamijikenda waliowaweka watoto wao au jamaa zao rehani kwa watu wenye nafaka. Mtoto alikwenda kuishi na kufanya kazi katika nyumba ya mdai, na kwao wakabaki na pishi za nafaka na ahadi ya kumkomboa mvua ikirudi. Wengine walikombolewa. Wengine hawakuonekana tena kwao. Mzazi wa zama zile hakuwa na haja ya kutafuta moyo wa kulima mvua iliponyesha, kwa maana kila jembe alilopiga alijua kwamba lilikuwa likimvuta mwanawe kurudi nyumbani. Deni lilikuwa na sura, tena sura aliyoizaa mwenyewe.

Deni la leo halina sura. Hakuna anayechukua mtoto, huchukuliwa siku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara, na watu wengi huitaja sheria hiyo kuwa ngao ya mfanyakazi. Ni ngao kweli, lakini tazama inachokubali. Mwalimu aliyefikia mpaka ule hufundisha siku 20 katika kila siku 30 kwa ajili ya watu ambao haoni nyuso zao, na siku 10 kwa ajili ya watoto wake. Nimepata kuonyeshwa hati za mishahara za namna hiyo katika vyumba vya walimu, na wenyewe hawakuwa wavivu. Walikuwa watu wanaosahihisha madaftari hadi usiku. Walichopoteza ni kule kuona. Makato hufanyika kabla mshahara haujafika mkononi, mstari chini ya mstari, na ukimwuliza mwenyewe deni lake la asili limebaki kiasi gani, hukutazama kama uliyemwuliza idadi ya nyota. Mtu asiyejua mlima una urefu gani ataupandaje kwa furaha?

Tuje kwenye simu ya mkononi, kwa sababu hilo ndilo duka lisilofungwa. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada ya mkopo wake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, na baada yake wakaja wakopeshaji wengine wengi, baadhi yao wakitoza zaidi ya hapo. Asilimia 7.5 masikioni ni kitu kidogo. Lakini chukua kalamu. Aliyekopa shilingi 1,000 kwa ada hiyo anatakiwa alipe 1,075. Mwisho wa mwezi hana zote. Hukopa 1,000 nyingine, akaongeza 75 za mfukoni, akalipa. Akifanya hivyo kwa miezi 12 amekwisha kutoa shilingi 900 za jasho lake, na ile 1,000 ipo pale pale, nzima, haikupungua hata senti. Huyu ametwanga maji kinuni mwaka mzima. Ukisema ni mvivu umemsingizia, na ukimtaka aongeze bidii umempa mchi mzito zaidi wa kutwangia maji yale yale. La kwanza ni kulivunja duara lenyewe: alipe ada, na juu ya ada apunguze deni, hata kama ni kwa shilingi 100. Siku tarakimu itakaposoma 900 mahali pa 1,000, hapo ndipo moyo utakapoota, na utakuwa wake mwenyewe, asioununua kwa mtu.

Atatokea mtu aseme: kosa ni la riba, si la mdeni. Namkubalia nusu. Riba ya kinyama ipo, na ndiyo maana Sheria ya Benki, tangu Mei 2007, huizuia benki kumdai mtu aliyeshindwa kulipa riba inayozidi kiasi cha deni alichokuwa nacho aliposhindwa. Ndiyo maana pia mwaka 2021 Bunge liliipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wa simu, na kanuni za mwaka 2022 zikawakataza kuwatisha wadeni na kuwapigia jamaa zao ili kuwaaibisha. Kijana hana budi kuzijua sheria hizi mapema. Kumlipa mdai zaidi ya haki yake si uaminifu, ni ujinga.

Nusu ya pili siikubali, na ushahidi wangu ni Hazina ya Hustler iliyozinduliwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022. Mkopo wake ulitolewa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Shilingi 500 kwa siku 14 huzaa riba ya shilingi moja na nusu hivi, fedha isiyonunua hata kiberiti. Ingalikuwa riba peke yake ndiyo iuayo moyo wa kulipa, mkopo huu ungalirudi wote. Haukurudi. Mabilioni ya shilingi yalibaki mikononi mwa wakopaji muda wao ulipokwisha kupita. Wengi waliuona kuwa ni zawadi, kwa vile mali ya serikali hudhaniwa haina mwenyewe, na hao wana lawama wala sitawatetea. Lakini hazina yenyewe nayo ilikuwa na kasoro: shilingi 500 si mtaji wa kazi ya kudumu, na siku 14 hazikomazi hata mchicha. Mkopo usiozaa kazi utazaaje malipo, hata ukiwa rahisi namna gani?

Mfano wa mkopo uliozaa kazi tunao katika historia yetu wenyewe. Kuanzia mwaka 1962, chini ya mpango uliojulikana kuwa wa Ekari Milioni Moja, mashamba ya walowezi wa Kizungu yalinunuliwa na kugawiwa Waafrika, familia zipatazo 35,000. Mlowezi alilipwa. Mkulima mpya alipewa kipande cha ardhi, na pamoja nacho deni la kulipwa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5, mbali na mkopo wa kununulia ng'ombe na mbegu. Wako waliokasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Bildad Kaggia, mbunge wa Kandara, alishikilia kwamba ardhi iliyonyang'anywa haifai kuuzwa kwa aliyenyang'anywa, na kwamba maskini wasio na ardhi wapewe bure. Nikiipima hoja hiyo leo, naona ilishindwa kwa nguvu za wakubwa kuliko kwa nguvu za hoja nyingine. Lakini mkulima wa Kinangop hakuweza kungoja wakubwa wamalize kubishana. Alikuwa na deni mkononi, baridi mgongoni, na ardhi isiyolimwa mbele ya macho yake.

Wengi walichelewa kulipa, na malimbikizo yalikuwa makubwa hata kabla ya mwongo ule kwisha. Tusiwapambe kwa sifa zisizo zao. Walakini tuwatazame waliofaulu, walifaulu kwa njia gani. Hawakuanza kwa kuitafakari miaka 30, maana tafakuri hiyo ingalimvunja moyo hata simba. Walianza kwa ng'ombe wa maziwa na shamba dogo la pareto. Maziwa yalikamuliwa kabla ya jua kupanda, yakapelekwa, yakapimwa, yakaandikwa. Fungu la deni likakatwa na lililosalia akapewa mkulima. Hayo nayo yalikuwa makato, kama yale ya mwalimu. Tofauti ni kwamba mkulima aliuona mkebe wake ukipimwa. Ng'ombe akizidisha maziwa, deni lilizidi kupungua. Ng'ombe akiugua, alijua kwamba deni nalo limepata nafasi ya kupumua. Kazi na tarakimu zilionana kila asubuhi. Sidhani kwamba mkulima yule alipata kuulizwa kama ana moyo, wala angalikuwa na nafasi ya kujibu.

Wapenzi wa vitabu watataka nimtaje Sir Walter Scott, mwandishi wa Uskoti, na nitamtaja, kwa kuwa kisa chake husimuliwa nusu. Mnamo Januari 1826, naye akiwa na umri wa miaka 54, kampuni za uchapaji na uchapishaji alizokuwa amejifunga nazo zilianguka, akajikuta anadaiwa zaidi ya pauni 100,000. Angaliweza kujitangaza mufilisi akapumzika. Alikataa, akawaomba wadai wake muda tu, akaketi kuandika. Mkewe alifariki mwezi Mei mwaka ule ule, naye akaendelea. Mwaka 1827 alikwisha kutoa historia ya maisha ya Napoleon katika majuzuu tisa. Mwaka 1830 wadai, kwa kuona uungwana wake, walimrudishia maktaba yake na vyombo vya nyumba. Hapo ndipo wasimulizi huishia. Hawasemi kwamba sehemu ya balaa lile aliileta mwenyewe, kwa kutia sahihi hati bila kuzichungua na kwa kununua ardhi juu ya ardhi kuizunguka nyumba yake ya Abbotsford. Wala hawasemi kwamba alipatwa na kiharusi, akalazimisha mkono uandike akili ikiwa imechoka, akafa mwaka 1832 kabla ya deni kwisha. Lililosalia lililipwa kwa mapato ya vitabu vyake baada ya kufa. Mimi simsifu kwa kufa. Namsifu kwa jambo dogo lisilosimuliwa: alikuwa na desturi ya kuandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kazi ya siku, kurasa ngapi zimetoka. Huo ndio mkebe wake wa maziwa.

Na yule Mmarekani Mark Twain, ambaye kampuni yake ya uchapishaji ilifilisika mwaka 1894, hakuwa hata na moyo wa kazi iliyomwokoa. Kuzunguka akisimulia hadithi mbele ya watu ilikuwa kazi asiyoipenda. Lakini mkewe, Olivia, alishikilia kwamba kila mdai alipwe haki yake yote bila kupunguziwa, na rafiki yake Henry Rogers akashika hesabu ili fedha isipotee njiani, maana Twain alikwisha kuzamisha mali nyingi katika mashine ya kupangia herufi isiyofanya kazi. Mwaka 1895 alianza safari ya kuizunguka dunia, akasimulia Australia, India na Afrika ya Kusini, na ilipofika mwaka 1898 deni lilikuwa limekwisha. Mke alishika neno, rafiki alishika daftari, naye akashika njia. Moyo aliukuta huko huko njiani.

Neno hili la shahidi sisi tunalo karibu kuliko Wazungu. Mtu akikopa katika chama cha akiba na mikopo, huwekewa sahihi na wadhamini, nao ni wenzake wa kazini. Asipolipa, mikono ya wenzake ndiyo itakayokatwa. Atakutana nao katika foleni ya chai, atawapa mkono msibani. Wako wanaoulalamikia utaratibu huu kuwa ni wa kizamani na wa aibu. Mimi naona kwamba umelirudishia deni ile sura liliyoipoteza, bila ya kumpeleka mtoto wa mtu rehani. Haya mbele ya mwenzako anayekujua huamsha. Haya anayotiwa mtu na mgeni kwenye simu humfanya abadilishe namba.

Hapana budi pia kuuliza deni linalipwa kwa kazi ya nani. Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar katika karne ya 19, alikopa mali nyingi kwa matajiri wa Kihindi, wakiwamo Taria Topan, na akaaminiwa tena na tena. Lakini pembe zilizomlipia madeni zilibebwa mabegani mwa wapagazi na watumwa. Tusimcheke wala tusidhani mambo hayo yamepita. Katika vijiji vyetu yuko baba ambaye hukopa kwa sahihi yake na kulipa kwa mgongo wa mkewe: mama huchuma chai tangu alfajiri, watoto hukosa shule wiki ya kupalilia, na bwana yuko sokoni akieleza jinsi anavyohangaika na madeni. Bidii ya namna hiyo isihesabiwe kwa jina lake.

Kuhusu kamari sitasema mengi. Kijana anayeweka fedha ya deni katika matokeo ya mpira, akitumaini kulipa kwa siku moja, anakimbia kitu kimoja tu, nacho ni kule kungoja. Amewekewa jina zuri, mchezo wa kubashiri, lakini anayeandika masharti ya mchezo ndiye anayejenga maghorofa.

Linabaki swali zito kuliko yote, na ni la vijana. Watasema: mwalimu, wewe una kazi, sisi tufanye bidii katika kazi ipi? Ni swali la haki, na sitalijibu kwa kuwaambia wajiajiri, kana kwamba neno hilo ni mtaji. Wengi wenu mtakwenda chuoni, na deni lenu la kwanza litakuwa la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Mkopo wake umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na hutakiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya masomo. Anayehitimu asipate kazi aghalabu huona haya, hunyamaza, akajificha kana kwamba ameiba. Adhabu ya kutolipa imekuwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Miaka miwili ya kunyamaza ni shilingi 120,000 juu ya deni, na hizo si za karo wala za chakula, ni bei ya ukimya. Heri amwandikie mdai wake waziwazi kwamba hana kazi, aulize tarakimu, aiandike katika daftari. Na siku atakapopata kibarua cha kuchimba mtaro au kufundisha watoto wa jirani hesabu, atoe 500, aone tarakimu imesogea. Kuna watakaomcheka kwa kupeleka 500 kwenye deni la laki tatu. Awaache wacheke. Fedha inayorudi katika bodi ile hukopeshwa tena, na anayeingoja ni mwanafunzi wa shule ya upili ambaye baba yake hana ng'ombe wa kuuza.